Vidanji ya Uso

Buyenzi, Bujumbura
14 Julai 2024

Shangazi Mwanvua,

Asalaam aleykum. Naomba barua hii ikukute mzima na goti lako likiwa limetulia. Huku sote tuko salama. Baba anakusalimu. Garaji imejaa magari kuliko mwaka wowote, lakini si kwa wingi wa kazi. Mafuta hakuna, na mtu ambaye gari lake haliendi huona heri lilale kwa fundi kuliko kulala mbele ya jirani. Baba mdogo Shakuru anasema sasa tumekuwa hoteli ya magari. Dada Khadidja amepata tarehe ya harusi: Jumamosi, 28 Desemba, inshallah, na anasema hataki mtu amsugue singo ila wewe. Mimi nimemaliza Mtihani wa Serikali. Nangoja matokeo, naosha vyombo, na watu wananiangalia uso.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumbani ni ya Mama, na Mama hapigi simu ila ya picha. Picha sitaki. Tena haya ninayokuandikia siwezi kuyasema kwa mdomo. Unanijua.

Shangazi, chunusi zangu si zile ulizoziona mwaka jana. Sasa ni majipu ya ndani, hayana mdomo, yanakaa chini ya ngozi kama punje za mahindi, na nikilalia shavu nahisi kama nimelalia msumari. Kila anayepita mlangoni kwetu amekuwa daktari. Mama yake Fadhila anasema niache karanga. Muuza mkaa anasema ni damu nyingi. Baba mdogo Shakuru aliniinamia kama anavyoinamia injini, akasema, "Huyu karbureta imeziba. Muozesheni, itafunguka." Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Na mimi nilicheka, ili wasinitazame zaidi.

Sasa Mama amesikia habari za Maxime. Huyu ana chumba nyuma ya saluni moja kule Cibitoke, na kazi yake ni kuwapiga watu sindano usoni. Alifanya kazi miezi minane katika duka la dawa, na kazi yenyewe ilikuwa kufagia. Lakini kwetu Buyenzi fundi haulizwi karatasi, anaulizwa ameshika magari mangapi. Maxime ameshika nyuso nyingi, basi ni fundi. Wasichana wanaiita sindano yake "vidanji", kama gari linapomwagwa oili chafu likatiwa mpya. Mama anataka nimwagwe oili kabla ya harusi, kwa kuwa mimi ndiye mpambe, nitakaa kando ya bibi harusi, na picha zitafika mpaka Oman.

Katika mambo ya ngozi Mama hamsikii mtu ila wewe. Umewapamba mabibi harusi wa Kigoma na wa Buyenzi tangu sijazaliwa. Ukimwandikia neno moja tu, "apana", ataacha. Nakuomba neno hilo.

Na ukijibu, tafadhali chora mstari katikati ya karatasi. Unajua kwetu barua ya ndugu husomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na msomaji ni mimi, maana Mama anasoma Kurani kutushinda sote lakini herufi za shule zinamchosha. Ya juu ya mstari nitawasomea. Ya chini yatakuwa yangu. Neno "apana" liweke juu.

Barua hii anakuletea Mzee Aboubacar, anafuata vipuri huko.

Mwanao,
Lubna


Kigoma
9 Agosti 2024

Mwanangu Lubna,

Waaleykum salaam. Barua yako imefika inanuka grisi, nikajua kweli imetoka kwetu. Goti ni lile lile. Mvua hakuna, dagaa wapo. Msalimie kaka yangu, mwambie hoteli bila chai si hoteli. Khadidja mpe mkono wa heri. Kuja nitakuja, au nitaona, kutegemea goti.

Sasa wewe. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na uso wa mawe. Umeutoa wapi? Chunusi ni uvivu wa kusugua, hakuna siri nyingine. Nakutumia kopo la singo. Ndani mna liwa, manjano, dalia na karafuu, nimesaga mwenyewe. Changanya na maji ya mawaridi, jipake, ngoja ikauke, halafu sugua. Usisugue kama mtu anayefuta machozi. Sugua kama mtu anayetaka kuona mfupa. Asubuhi na jioni, siku saba. Wasichana wa siku hizi mnataka kubembelezwa hata na sabuni.

Kuhusu huyo Maxime, wifi yangu ni mtu mzima, ana akili zake.

________

Nimechora mstari kama ulivyotaka, lakini chini yake sina cha kuweka. Usiniombe simu ya picha. Kioo cha simu yangu kimepasuka, tena mimi si sinema. Sugua.

Shangazi yako,
Mwanvua


Buyenzi, Bujumbura
1 Septemba 2024

Shangazi,

Asalaam aleykum. Natumaini unaendelea vizuri. Baba alicheka kuhusu chai. Khadidja ameanza kununua vitenge na kugombana na kila muuzaji. Mafuta bado, tunatembea kwa miguu mpaka viatu vimetuchoka.

Nashukuru kwa singo. Nilisugua kama ulivyoandika. Siku ya tatu majipu mawili yalipasukia ndani, siku ya tano shavu la kulia lilikuwa jekundu na moto, na siku ya saba sikuona mfupa, Shangazi, ila niliona kila kitu kingine. Mama alisema singo inatoa uchafu. Ulitoka wiki mbili.

Rafiki yangu wa shule, Orlane, anayekaa Mutanga Sud, alinipeleka kwa daktari wa ngozi, mwanamke, anaitwa Daktari Dévote. Baba ndiye aliyeniruhusu, kwa kuitikia kwa kichwa tu, ili Mama asisikie. Daktari aliniangalia kwa taa muda mrefu, akauliza, "Nani amekuambia usugue?"

Nikasema, "Shangazi yangu."

"Shangazi yako anajua kama hii ni uso? Asifikiri ni sufuria."

Nisamehe, nimeandika alivyosema.

Halafu akasema polepole, "Sikia, mutoto. Hii si uchafu. Iko chini sana, sabuni haifike kule." Akanieleza kwamba sindano ya kweli ipo, na hilo sikulijua. Ni dawa ya kutuliza uvimbe, tone moja au mawili, imepunguzwa nguvu kwa maji ya chumvi, na inaingizwa ndani ya jipu lenyewe kwa sindano nyembamba. Jipu hushuka kwa siku chache. Lakini haizuii lingine kuota, na dawa ikizidi ngozi hubonyea na kupauka, mara nyingine miezi mingi, mara nyingine moja kwa moja. Kwa hiyo amenipa vidonge na krimu kwanza, akasema nisitegemee kitu kabla ya miezi mitatu. Lile kubwa la kwenye taya ataliangalia baadaye. Na singo, alisema, nipikie mboga.

Nilipokuwa natoka nikamkumbuka Fadhila. Yeye alikwenda kwa Maxime wiki ya harusi yake mwaka jana, ile harusi uliyomsugua wewe. Siku yenyewe shavu lake lilikuwa laini kama yai. Leo ana mashimo matatu meupe, kama mtu aliyebonyeza unga kwa kidole. Anasema ni husuda ya mama mkwe wake. Mama mkwe mwenyewe haoni vizuri hata akihesabu watoto wake mwenyewe, ataona wapi shavu la kuhusudu?

Shangazi, neno nililokuomba hukuliweka. Mama alisikiliza barua yako yote, na nilipofika "ana akili zake" akasema, "Mmeona? Hajakataza." Amenipangia Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Kwa nini hukukataza?

Lubna


Buyenzi, Bujumbura
13 Oktoba 2024

Shangazi,

Asalaam aleykum. Sijapata jibu. Mzee Aboubacar amerudi na vipuri, barua hakuna. Anasema ulimpokea kwa mlango nusu, umejifunika kanga mpaka machoni, ukasema jino linauma. Nakuombea nafuu ya jino, na ya goti. Sisi wazima. Matokeo ya mtihani yametoka, nimefaulu. Baba mdogo Shakuru alisema, "Kumbe akili haikuziba." Hiyo ndiyo pongezi niliyopata mtaani.

Jumamosi ile tulikwenda Cibitoke, Mama na mimi, kwa miguu, na jua. Chumba cha Maxime kina pazia la maua na viti vitatu vya plastiki. Wasichana wawili walikuwa mbele yangu. Amevaa koti jeupe la daktari lenye jina la mtu mwingine kifuani. Alifungua chupa ndogo iliyobanduliwa karatasi ya jina, akavuta dawa, akampiga wa kwanza mara tatu, akafuta sindano kwa pamba, akampiga wa pili kwa sindano ile ile. Huku anaimba.

Ikafika zamu yangu. Unajua mimi sisemi mbele ya watu, shuleni mwalimu alidhani nina kigugumizi. Lakini nilisikia sauti yangu inauliza, "Dawa hii inaitwa nani?"

Maxime akaacha kuimba. "Inaitwa sindano."

"Ndani ya sindano."

"Dada, ukipeleka gari kwa vidanji unauliza oili jina la baba yake?"

Wasichana wakacheka. Mama akanifinya. "Nyamaza, unaniaibisha."

Ndipo Maxime akamtazama Mama vizuri. "Mama, we si wifi ya yule somo ya Kigoma? Mwanvua? Kumbe ni watu wa nyumbani! Yeye ndiye alinifungulia njia ya Buyenzi. Nilimutoa jipu ya kidevu kwa siku tatu, akafurahi, kesho yake akaniletea bibi harusi kwa mkono wake."

Mama aling'aa kama taa. "Unaona, we mutoto? Hata shangazi yako!"

Nilisimama nikatoka. Mama alinifuata akigomba kutoka Cibitoke mpaka Buyenzi, na kwa kuwa hakuna mafuta kila mtu yuko barabarani kwa miguu, kwa hiyo kila mtu alipata sehemu yake ya hadithi. "Somo mwenyewe amepigwa, yeye ni nani?" Aliwauliza mpaka watu asiowajua. Sasa amepanga tena, Jumamosi, 30 Novemba, na safari hii Baba mdogo Shakuru atakuja kukaa mlangoni.

Sikuulizi kitu, Shangazi. Nakuarifu tu alivyosema. Ulisema katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na uso wa mawe.

Nameza vidonge. Majipu mapya yamepungua, ya zamani bado.

Lubna


Kigoma
17 Novemba 2024

Kwa Lubna, na kwa wote wanaosikiliza,

Waaleykum salaam. Hongera kwa mtihani. Kaka yangu, msalimie mdogo wako Shakuru, mwambie anyamaze mpaka barua iishe. Jino langu halikuuma. Goti linauma kweli, lakini si kwa kiasi cha kunizuia safari.

Leo hakuna mstari. Isome yote, Lubna, kwa sauti, na usianze mpaka Fadhila na mama yake wawe wamekaa. Kama hawapo, kunja, kawaite.

Mmefika? Haya.

Nina majipu ya kidevuni tangu nina miaka kumi na saba. Mama yangu aliniambia ni uvivu wa kusugua, nikasugua, nikapata makovu, nikajifunza poda. Kazi yangu yote ya upambaji imetoka hapo. Mnaosema Mwanvua ana mkono mzuri wa poda, sasa mjue mkono huo ulifundishwa na nani. Miaka thelathini sijafungua mlango kabla ya kujipaka. Na nilipoombwa shauri na mtoto mwenye ugonjwa wangu mwenyewe, nikampelekea kopo na matusi.

Mwaka jana nilikuja kumsugua Fadhila. Kidevu changu kilikuwa na jipu kama jicho la samaki, poda ilikuwa inalizunguka tu. Msichana wa saluni akanionyesha Maxime. Siku ya tatu jipu halipo! Mimi, mwanamke wa umri huu, nilisimama mbele ya kioo nikijicheka kama mwehu. Fadhila alikuwa na vijipu vitatu shavuni. Nilimshika mkono nikampeleka. Aliniuliza, "Somo, haina madhara?" Nikamwambia, "Mimi nimekufa?"

Nilipokwisha rudi Kigoma, mwezi wa pili, kidevu kikaanza kubonyea. Sasa lipo shimo la kuingia harage, jeupe kama limemwagiwa dawa ya kufulia. Poda inatumbukia humo na kukaa. Mabibi harusi wawili waliliona, na mama zao wakatafuta somo mwingine. Sikuwalaumu. Nani atampa mtu uso wa binti yake wakati wa kwake umemshinda?

Fadhila, mama mkwe wako hana husuda. Ni mimi.

Wifi yangu, uliposikia kwamba nimepigwa ulifurahi. Nakwambia sasa neno ambalo mtoto aliniomba tangu Julai nikalikalia: apana. Asiguswe na Maxime. Yuko daktari wa ngozi aliyesema nadhani uso ni sufuria, mpelekeni kwake huyo. Nimeuliza huku kwa muuguzi ninayemwamini, amesema yule mwanamke ameeleza sawa kila kitu, hata hilo la sufuria.

Harusini siji. Hamkosi mtu wa kusugua. Bibi harusi hapaswi kuangaliwa na uso kama huu siku saba.

Mwanvua


Buyenzi, Bujumbura
8 Desemba 2024

Shangazi,

Asalaam aleykum. Baba anakusalimu kwa sauti ya chini, Baba mdogo Shakuru anakusalimu na hana la kuongeza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Barua yako ilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya Maxime. Nilikwenda kumwita Fadhila na mama yake mimi mwenyewe, nikabisha hodi mimi mwenyewe. Nilisoma nimesimama, uani, na jua usoni, kwa sababu mahali pengine herufi zako hazionekani. Mwanzoni nilisoma chini chini. Nilipofika "nina majipu ya kidevuni" walikuwa wananiangalia mimi, wote, na niliona nikinyamaza watafikiri nimeyabuni. Nikasoma kwa nguvu. Mpaka "ni mimi."

Fadhila alishika shavu. Mama yake akaanza kupiga kelele, na Fadhila akamwambia, "Mama, acha. Mi ndiye nilikaa kwenye kiti." Halafu akacheka, akalia, akaomba nimsomee tena pale pa husuda. Nimemsomea mara tatu. Anasema sasa lazima amsalimie mama mkwe wake, na hiyo ndiyo inamuuma kuliko mashimo. Nimempeleka kwa Daktari Dévote. Moja limeanza kujaa lenyewe, mawili hajui.

Mama alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Mwisho akasema, "Na mi nilikuwa namupeleka kule kwa miguu." Siku iliyofuata mama yake Fadhila alikwenda Cibitoke kumtafuta Maxime, akakuta pazia limeondolewa na viti vimekwenda. Fundi akiharibu magari mengi huhama garaji.

Mimi nimepigwa sindano moja, na Daktari Dévote, katika lile la taya. Alinionyesha chupa na jina lake kabla sijauliza. Haikuuma kama kufinywa na Mama. Limeshuka siku ya nne. Mengine yapo bado, madogo, na madoa yapo, na ndivyo nitakavyokaa kando ya Khadidja. Mama alitaka poda nyingi. Nimemwambia apana, na niliisema kwa mdomo.

Sasa kuhusu wewe. Unaandika kwamba hatukosi mtu wa kusugua. Ni kweli, hatumkosi. Kopo lako limebaki nusu. Siku ya singo ni Jumamosi, tarehe 21. Kama huji, nitamsugua Khadidja mwenyewe, na nitafuata ulivyonifundisha, neno kwa neno: kama mtu anayetaka kuona mfupa. Nimekwisha kumwambia. Analia tangu jana.

Mwanao,
Lubna


Kigoma
18 Desemba 2024

Lubna,

Barua hii inatangulia na wauza dagaa, salamu nitazileta mwenyewe. Weka kopo chini. Usimguse huyo mtoto.

Nakuja na Aboubacar Ijumaa, tukipata mafuta, na tusipopata nitatembea na goti langu. Sichukui poda. Mwambie Fadhila aje anipokee barabarani, ili wanaotaka kucheka watucheke mara moja, sote wawili, wamalize.

Mwanvua